Kutoka Ofisi ya Simu hadi Mlimani: Historia ya Umeme wa Akiba katika Minara ya Simu za Mkononi nchini Tanzania, 1994–2013

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya umeme wa mkondo mnyoofu na akiba ya betri katika vituo vya redio vya simu za mkononi nchini Tanzania, tangu huduma hiyo ilipoanza mwaka 1994 hadi kukamilika kwa kebo mpya ya umeme kati ya Tanzania Bara na Unguja mwaka 2013. Hoja kuu ni kwamba simu ya mkononi iliruka waya wa shaba lakini haikuruka waya wa umeme. Betri iliyokuwa imewekwa katika jengo moja la ofisi ya simu, chini ya uangalizi wa mafundi, iligawanywa na kupelekwa katika mamia ya minara, huku wajibu wa kuamua idumu kwa saa ngapi ukihama kutoka mikono ya umma kwenda kwenye mikataba ya kampuni. Kukatika kwa umeme Unguja mwaka 2008 na mwaka 2009–2010 kunatumiwa kuonyesha ukomo wa utaratibu huo.

1.0 Utangulizi

Maandishi mengi kuhusu kuenea kwa simu za mkononi barani Afrika hutumia sitiari ya kuruka hatua. Inasemwa kwamba nchi ambazo hazikuwahi kusambaza nyaya za simu hadi vijijini zilivuka moja kwa moja hadi mawasiliano yasiyotumia waya. Sitiari hiyo ina ukweli wake. Mwaka 1994, lililokuwa Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa na Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL) ikazaliwa, simu ya mezani ilikuwa bado ni mali ya ofisi, viwanda na kaya chache za mjini. Katika mwaka huohuo Mobitel ilianza kutoa huduma ya simu za mkononi Dar es Salaam. Zantel ilianzishwa mwaka 1999 ikiwa na makao yake Zanzibar, Vodacom ikafuata mwaka 2000, na Celtel mwaka 2001. Katika muda usiozidi miaka 15 simu ikawa chombo cha mkulima, mvuvi na mama lishe.

Hata hivyo, sitiari ya kuruka hatua inaficha jambo moja. Kila mnara ni mzigo wa umeme usiolala. Redio zake hutumia umeme usiku na mchana, awepo mpiga simu au asiwepo. Kwa hiyo, mtandao uliosifiwa kwa kutohitaji waya ulihitaji waya mwingine, yaani ule wa gridi ya taifa, na pale ambapo waya huo haukuwapo au haukuaminika ulihitaji betri na dizeli. Wanahistoria wa mawasiliano wameandika mengi kuhusu leseni, ushindani na bei, lakini chumba cha betri chini ya mnara hakijapewa nafasi inayostahili. Makala haya yanakichukulia chumba hicho kuwa ushahidi wa kihistoria.

2.0 Urithi wa Ofisi ya Simu

Uhusiano wa mawasiliano na betri katika pwani ya Afrika Mashariki ni wa zamani kuliko gridi yenyewe. Kebo ya telegrafu iliyotandazwa chini ya bahari kutoka Aden ilifika Zanzibar mwaka 1879, na telegrafu ya zama hizo iliendeshwa kwa betri za kikemikali. Ujumbe ulikuwa ukisafiri hadi Ulaya kabla miji ya pwani haijawa na mitambo ya kuzalisha umeme kwa ajili ya wakazi wake. Kwa hiyo, mwanzoni betri haikuwa akiba ya kitu chochote, bali ndiyo iliyokuwa chanzo.

Hali ilibadilika baada ya kuenea kwa betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ambayo iliweza kuchajiwa tena na tena. Katika miaka ya 1890, kampuni za simu nchini Marekani zilianza kuondoa betri ndogo zilizokuwa ndani ya kila simu ya mteja na kuweka benki moja kubwa ya betri katika ofisi ya simu. Umeme wa kuzungumzia ukawa unamfikia mteja kupitia jozi ileile ya nyaya iliyobeba sauti yake. Kadiri miaka ilivyokwenda, volti 48 zikawa kipimo cha kawaida. Seli moja ya risasi na asidi hutoa takribani volti 2, hivyo seli 24 zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 48. Kiasi hicho kilitosha kusukuma mkondo katika nyaya ndefu, na bado kilikuwa kidogo kiasi cha kutokuwa hatari kubwa kwa fundi aliyezigusa.

Ncha chanya ya betri iliunganishwa na ardhi, ndiyo maana wahandisi huandika volti hasi 48. Sababu yake ni ulikaji wa metali. Waya wa shaba uliofukiwa katika udongo wenye unyevu huliwa haraka zaidi unapokuwa chanya kuliko ardhi, na huhifadhika zaidi unapokuwa hasi. Uamuzi huo ulifanywa kwa ajili ya nyaya za chini ya ardhi, lakini umeendelea kutumika katika minara isiyokuwa na waya hata mmoja wa shaba unaokwenda kwa mteja. Hapa ndipo sitiari ya kuruka hatua inapoanza kuyumba, kwani simu ya mkononi iliacha waya wa ofisi ya simu na kuchukua betri yake.

Mfumo wa ofisi ya simu ulikuwa na sifa tatu zinazohusu hoja ya makala haya. Kwanza, betri haikusubiri umeme ukatike ndipo iwashwe. Iliunganishwa sambamba na rektifaya, yaani kifaa kinachobadili mkondo geu wa gridi kuwa mkondo mnyoofu, na wakati wote ikabaki imejaa katika kiwango cha takribani volti 54. Umeme wa gridi ulipokatika, mzigo uliendelea kupata umeme bila hata nukta moja ya kukatika. Pili, betri zilikuwa mahali pamoja, katika chumba chenye hewa, chini ya mafundi waliopima asidi na kuongeza maji yaliyosafishwa. Tatu, mteja hakubeba jukumu lolote la umeme. Mtu aliyekuwa gizani nyumbani kwake aliweza kuinua simu ya mezani na kumpigia daktari, kwa kuwa chombo chake kilipata nguvu kutoka ofisi ya simu.

Simu ya mkononi ilihifadhi sifa ya kwanza na kuzivunja mbili zilizobaki. Betri zilitawanyika, na mteja akalazimika kuwa na betri yake mwenyewe mfukoni. Tangu hapo, mazungumzo yakategemea akiba mbili zilizo mbalimbali, moja ikiwa ya mnara na nyingine ya mteja, na zote mbili hujazwa na gridi ileile.

3.0 Betri Yapanda Mlimani

Chini ya mnara wa kawaida wa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 palikuwa na kibanda chenye rektifaya, makabati ya redio, benki moja au mbili za betri, na kiyoyozi. Nje palikuwa na jenereta na tangi la dizeli. Ukubwa wa betri ulikokotolewa kwa hesabu nyepesi. Kituo kinachotumia kilowati 2 huvuta takribani ampea 42 katika volti 48. Kwa saa 8 kinahitaji takribani ampea-saa 336, kabla ya kuongeza kiasi cha kufidia kuzeeka kwa seli. Iwapo betri hairuhusiwi kutumika zaidi ya nusu ya ujazo wake ili isichakae mapema, kiasi hicho huongezeka maradufu. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini namba ya saa inayoingizwa ndani yake haitokani na fizikia. Ni uamuzi kuhusu muda ambao jamii fulani inaweza kuachwa bila mawasiliano.

Betri zilizopelekwa minarani hazikuwa zile za wazi za ofisi ya simu. Zilikuwa betri zilizofungwa, ambazo asidi yake imenyweshwa katika nyuzi za kioo au kugandishwa kama utelezi, na ambazo hazihitaji kuongezwa maji. Aina hiyo ndiyo iliyowezesha kituo kuachwa bila mlinzi wa kiufundi. Lakini ilikuja na udhaifu uliodhihirika zaidi katika nchi za joto. Kanuni inayokubalika miongoni mwa wahandisi ni kwamba kila ongezeko la nyuzi 10 za Selsiasi juu ya joto lililokusudiwa hupunguza umri wa betri hizo kwa takribani nusu. Betri iliyotengenezwa idumu miaka 10 katika nyuzi 25 itadumu takribani miaka 5 katika nyuzi 35. Katika mwambao wa Tanzania, ndani ya kibanda cha bati kilichofungwa, nyuzi 35 si jambo la ajabu.

Kiyoyozi kilikusudiwa kuondoa tatizo hilo, lakini mpangilio wake ulikuwa na kasoro ya kimsingi. Viyoyozi vingi viliendeshwa kwa mkondo geu wa gridi au wa jenereta, wala havikuunganishwa na betri. Umeme ulipokatika na kabla jenereta haijawaka, redio ziliendelea kutoa joto huku kiyoyozi kikiwa kimezima. Kwa maneno mengine, saa ambazo betri ilifanya kazi yake ndizo zilizokuwa saa zake za joto kali zaidi. Matumizi ya baadaye ya makabati ya nje na feni za mkondo mnyoofu yanaweza kusomwa kama sahihisho la taratibu la kasoro hiyo.

Tatizo la pili lilikuwa la desturi ya matumizi. Betri za akiba zilitengenezwa kwa nchi ambako umeme hukatika mara chache kwa mwaka. Zilikusudiwa kukaa zimejaa na kutumika kwa nadra. Tanzania ya mwaka 2006 ilikuwa tofauti kabisa. Ukame ulipunguza maji katika mabwawa yaliyokuwa uti wa mgongo wa uzalishaji wa umeme, yakiwamo Mtera na Kidatu, na mgawo wa umeme ukawa sehemu ya maisha ya kila siku. Hali hiyo ilijirudia mwaka 2011. Betri iliyokusudiwa kwa dharura ikageuzwa kuwa chanzo cha kila siku, ikishushwa na kujazwa mfululizo, na mara nyingine ikishushwa tena kabla haijajaa. Sahani za risasi zinazoachwa muda mrefu bila kujaa hujenga fuwele ngumu za salfeti, na ujazo wake hupungua. Kituo kilichoandikwa katika daftari kuwa na akiba ya saa 8 kikawa kinazimika baada ya saa mbili, bila mtu yeyote kubadilisha namba iliyo daftarini.

Jambo la tatu ni mpangilio wa minara yenyewe. Minara haikusimama kila mmoja peke yake. Mingi iliunganishwa kwa redio za mawimbi mafupi, mnara wa kijijini ukiutegemea mnara wa mlimani, na wa mlimani ukiutegemea wa mjini. Mnara wa katikati ulipozima, yote iliyo nyuma yake ilinyamaza hata kama betri zake zilikuwa zimejaa. Kwa sababu hiyo, mfumo wa umeme wa kituo ulitengenezewa ngazi za kuzima. Volti zilipopungua, redio za wateja zilikatwa kwanza ili umeme uliobaki uendeshe vifaa vya kupitisha mawasiliano ya minara mingine. Zilipokaribia volti 43, mzigo wote ulikatwa ili betri isiharibike. Katika ngazi hizo kuna mpangilio wa kipaumbele ambao mteja hakuwahi kuelezwa. Wakazi walioishi chini ya mnara waliweza kupoteza mtandao ili wakazi wa mbali waendelee kuupata.

4.0 Giza la Unguja, 2008 na 2009–2010

Kisiwa cha Unguja kinatoa mfano ulio wazi wa ukomo wa mfumo huu. Tangu mwaka 1980 kisiwa hicho kilipata umeme kutoka Bara kupitia kebo moja ya chini ya bahari iliyotandazwa hadi Fumba kwa msaada wa Norway. Kebo hiyo ilifanya kazi karibu miaka 30. Usiku wa tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika kisiwani kote, na haukurejea hadi tarehe 18 Juni. Tarehe 10 Desemba 2009 ulikatika tena, na safari hii giza lilidumu takribani miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pampu za maji zilisimama, biashara za barafu na samaki zikaathirika, na mngurumo wa jenereta ukatawala Mji Mkongwe.

Tukio la mwaka 2008 peke yake lilidumu wiki nne, yaani takribani saa 672. Betri yenye akiba ya saa 8 ingeweza kulibeba sehemu moja tu kati ya 84. Hapa ndipo dhana nzima ya akiba inapovunjika. Akiba ina maana pale tu ambapo kuna jambo la kawaida litakalorejea baada ya muda mfupi. Umeme wa kawaida unapoondoka kwa mwezi mzima, betri hubaki kuwa daraja la kufikia jenereta, na jenereta ndiyo hugeuka kuwa gridi. Kituo chochote kilichoendelea kuwa hewani katika wiki hizo kiliendelea kwa sababu ya dizeli, na dizeli hiyo ilipaswa kuvushwa bahari kisha kugombaniwa na hospitali, mahoteli na visima vya maji.

Kwa upande wa wateja, ile akiba ya pili, yaani betri ya mfukoni, ikawa na uzito wa pekee. Hata pale mnara ulipokuwa hewani, mtu asiye na jenereta wala jirani mwenye jenereta alihitaji mahali pa kuchajia. Mwenye simu ya mezani wa kizazi kilichotangulia asingekutana na tatizo hilo maadamu ofisi ya simu ilikuwa na umeme. Unguja ilidhihirisha kwamba kuhama kutoka simu ya mezani kwenda ya mkononi kulikuwa pia kuhamisha gharama ya umeme kutoka kwa mtoa huduma kwenda kwa mtumiaji, na mzigo huo ulimlemea zaidi asiyekuwa na kitu.

Wakati wa matukio hayo una umuhimu wake. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Katika giza la kwanza, mnara uliozima ulikata mazungumzo na ujumbe mfupi. Miaka michache baadaye, mnara uliozima ungekata pia nauli, ada ya shule, malipo ya dawa na mtaji wa mchuuzi. Saa za betri zilibaki zilezile huku vitu vinavyotegemea saa hizo vikiongezeka. Baada ya matukio hayo, Serikali na wafadhili walishughulikia upande wa gridi. Pemba, iliyokuwa ikitegemea jenereta, iliunganishwa na Tanga kwa kebo mwaka 2010, na kebo ya pili ya Unguja, yenye uwezo wa megawati 100, ilikamilika mwaka 2013 kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani. Kebo hizo zilipunguza uwezekano wa giza la namna ile, lakini hazikujibu swali la mnara unapaswa kudumu kwa saa ngapi pale gridi inaposhindwa.

5.0 Nani Anaamua Idadi ya Saa?

Mabadiliko makubwa ya miaka hiyo yalikuwa ya umiliki. Mwaka 2010 Millicom, mmiliki wa Tigo, ilikubali kuuza minara yake ya Tanzania kwa Helios Towers Africa. Vodacom Tanzania nayo iliuza minara yake kwa kampuni hiyo mwaka 2013. Kuanzia hapo, katika sehemu kubwa ya nchi, kampuni ya simu ilimiliki redio, ilhali kampuni ya minara ilimiliki chuma, rektifaya, betri na jenereta. Betri iliyowahi kuwa chombo cha shirika la umma, kisha chombo cha kampuni ya simu, sasa ikawa bidhaa ndani ya mkataba wa kampuni mbili.

Mabadiliko hayo yalikuwa na faida zinazoonekana. Kampuni ambayo biashara yake ni minara ina sababu ya kupunguza dizeli, kuchanganya jenereta na betri imara zinazohimili kushushwa kila siku, na kutumia jua. Jenereta kubwa inayobeba mzigo mdogo hupoteza mafuta mengi. Ikiwashwa kwa saa chache ili ijaze betri kwa nguvu, kisha ikazimwa, mafuta hupungua sana. Akiba ya betri ikawa njia ya kupunguza gharama, wala si bima ya dharura pekee.

Lakini mikataba ya aina hii kwa kawaida hupima huduma kwa asilimia ya muda ambao kituo kiko hewani, na wastani una tabia ya kuficha. Asilimia 99.9 kwa mwezi wa siku 30 huruhusu kituo kimoja kuzima kwa takribani dakika 43. Ikipimwa kama wastani wa minara 1,000, asilimia hiyohiyo inatimizwa hata kama minara 999 haikuzima kamwe na mnara mmoja ulikaa kimya mwezi mzima. Mnara huo, kwa mantiki ya mapato, utakuwa ule wenye wateja wachache na barabara mbaya. Kwa mkaguzi wa mkataba huo ni mwezi wa mafanikio, lakini mjamzito wa kijiji hicho anayehitaji gari la wagonjwa hana huduma kabisa.

Nchi nyingine zimekutana na swali hilo kwa njia ya maafa. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani ilitoa mwaka 2007 amri ya kutaka vituo vya simu za mkononi viwe na akiba ya saa 8 na ofisi kuu za simu saa 24. Sekta ya simu iliipinga mahakamani, na mwaka 2008 Ofisi ya Usimamizi na Bajeti ya serikali hiyo ilikataa kuidhinisha matakwa ya ukusanyaji wa taarifa yaliyofungamana nayo, hivyo amri haikutekelezwa. Mwaka 2020 jimbo la California, baada ya umeme kukatwa kwa makusudi ili kuzuia moto wa misitu, liliagiza akiba ya saa 72 katika maeneo yenye hatari kubwa ya moto. Japani, tetemeko na tsunami ya Machi 2011 zilifuatiwa na vituo vingi kuzima kadiri betri zilivyoisha, na NTT DOCOMO ikaongeza akiba ya vituo muhimu hadi saa 24.

Mifano hiyo haionyeshi kwamba kuna namba moja sahihi. Inaonyesha kwamba namba ilijadiliwa hadharani, ikapingwa hadharani, na ikabaki katika kumbukumbu za umma. Kwa Tanzania, ambako mawasiliano yana chombo cha udhibiti (TCRA) kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na mfuko wa mawasiliano kwa wote ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006, mjadala wa kufikisha huduma umekuwa hasa wa kujenga minara. Ni vigumu kudai kwamba kijiji kimefikiwa na mtandao iwapo mnara wake hudumu saa mbili baada ya umeme kukatika.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba mfumo wa volti hasi 48 uliopo chini ya minara ya Tanzania ni urithi wa ofisi ya simu ya karne ya kumi na tisa, uliohamishwa kutoka mazingira yenye uangalizi, ubaridi na gridi imara kwenda mazingira ya joto, upweke na mgawo wa umeme. Uhamisho huo ulifanikiwa kufikisha sauti mahali ambapo waya wa shaba usingefika. Hata hivyo, ulivunja ahadi mbili za mfumo wa zamani: kwamba akiba ingesimamiwa mahali pamoja na watu wanaojulikana, na kwamba mteja asingebeba mzigo wa umeme wa kuzungumzia.

Ujio wa betri za lithiamu, zinazohimili joto na kushushwa kwa kina zaidi kuliko za risasi, unaweza kurefusha saa za akiba, lakini hautabadilisha asili ya uamuzi. Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo za historia ya mawasiliano zichukulie saa za betri kuwa kipimo cha huduma sawa na idadi ya minara, na zichunguze jinsi saa hizo zilivyogawanywa kati ya mjini na kijijini, Bara na Visiwani. Kwa upande wa sera, inapendekezwa kwamba muda wa akiba wa kila kituo, uliopimwa kwa kuushusha mzigo halisi wala si kwa kunakiliwa daftarini, uwe sehemu ya taarifa ambazo umma una haki ya kuzipata.